Ulimi wa Muzee wa Sabuni

Kabla sijawa mtu wa kufua nguo za watu, nilikuwa napakia na kupakua magari ya chumvi, njia ya Mahagi mpaka Bunia. Safari moja gari letu lilizama kwenye matope, tukakaa pale siku nne tukingoja jua likaushe njia. Watu wa vijiji vya karibu walikuja kununua chumvi kwa kikombe. Kati yao akaja mama mmoja mzee, mfupi, amefunga kichwa kwa kitambaa kilichopauka. Hakuuliza bei. Alichovya kidole kwenye gunia la kwanza, akalamba, akatema. La pili, akalamba, akatema. La tatu akafumba macho kidogo, akasema, "Hii ililala karibu na mazuti."

Dereva alicheka. Alimwambia, "Mama, weye unatafuta bei ya chini, sema tu." Lakini gunia lile tulipolimimina lote, tulikuta chini kabisa chumvi imekuwa ya kijivu, na dumu la mazuti, dizeli ya gari, lililokuwa pembeni lilikuwa na tundu dogo la kupitisha sindano. Mimi niliyelibeba gunia lile begani sikusikia harufu yoyote. Yule mama alijaza kikapu chake kutoka gunia la pili, akaenda zake.

Nilikaa miaka mingi bila kumkumbuka. Gunia lilinivunja mguu, mguu ukapona vibaya, kazi ya magari ikaisha, nikahamia Bunia na mke wangu na binti yetu Bahati. Tulipata nyumba ya vyumba viwili katika lupango moja, uwanja wa nyumba kadhaa, chini ya mji, karibu na mto Nyamukau, nikaanza kufua na kupiga pasi. Mambo ya mguu yana hadithi yake, nayaacha. Nataka tu kusema kwamba asubuhi ya kwanza katika lupango lile, niliona jirani yangu amesimama chini ya bati lililojaa masizi, ameshika kipande cha sabuni, anakilamba. Alifumba macho kidogo, vilevile. Hapo ndipo yule mama wa chumvi alinirudia, na kitambaa chake.

Watu wote walimwita Muzee wa Sabuni, na mimi sitamwita jina lingine. Alikotoka sikujua. Wengine walisema upande wa Djugu, wengine walisema alikuja na Wazungu wa mashamba. Yeye ukimuuliza alikuambia, "Nilitoka kule," na kidevu chake kilionyesha kila siku upande tofauti.

Alipika sabuni kwa mafuta ya ng'ombe kutoka machinjioni, na mawese yakipatikana aliyachanganya humo, halafu soda kali. Anayejua soda kali anajua inavyokula nyama ya mtu. Kazi yote ya mpishi wa sabuni ni kuhakikisha mafuta yameila soda ikaisha. Ikibaki kidogo, sabuni itamchoma anayeoga. Sasa utajuaje imebaki au imeisha? Muzee alikuwa na ulimi. Sabuni ikishaganda alikata kipande, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Ikiwa soda imebaki, ilimpiga kama unavyopigwa ukilamba betri ya tochi. Hapo alirudisha sabuni yote katika pipa, akaongeza mafuta, akapika tena siku nzima. Ikiwa haimpigi, aliikata kwa waya wake, akaipanga kwenye mbao.

Na mteja yeyote aliyekuja na neno, kwamba sabuni ni laini, kwamba inanuka ng'ombe, kwamba rangi yake siyo ya juzi, alipata jibu moja.

"Nilishaionja."

Basi, imekwisha. Ungeweza kuleta chifu na karani wake, jibu lisingeongezeka.

Ulimi ule aliulinda kama mwingine anavyolinda mbuzi. Hakula pilipili. Hakuvuta tumbaku. Ukimpa chai aliiweka pembeni mpaka ipoe na kufanya ngozi juu, ndipo anywe. Mke wangu ilimkasirisha, maana mwanamke hapiki chai ya moto ili iangaliwe. Alimwambia siku moja, "Muzee, si ungekunywa mayi tu?"

"Mayi haina sukari, Mama Bahati."

Mikono yake ilikuwa kitu kingine. Miaka yote ya soda ilikuwa imeigeuza kwato. Aliokota kaa la moto kwa vidole, akalihamisha taratibu kutoka jiko moja hadi lingine, akiendelea kuongea nawe. Watoto wa avenyu, mtaa wetu, walimlipa karanga ili awaonyeshe. Nilimuuliza kama haumii. Akasema, "Hii mikono ilishakufa. Ninaitumia tu sababu bado haijaoza."

Halafu jambo la ajabu: mtu aliyesafisha mji mzima, yeye mwenyewe alikuwa mchafu. Shati lake lilisimama lenyewe kwa mafuta na moshi. Jumapili alisimama nje ya kanisa, kwenye dirisha, akaimba sauti ya pili kutoka huko, kwa sababu mara moja mama fulani ndani alikunja pua. Nilimwambia lete shati nifue, bure, jirani halipi. Alikataa. "Sabuni iko ya batu," alisema, ya watu, siyo yake. Nilifikiri ni ubahili. Lakini bahili gani huyo aliyekuwa na desturi ile ya watoto wachanga? Maana mtoto akizaliwa katika avenyu yetu, Muzee alingoja kitovu kianguke, halafu alikuja mwenyewe na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Alikikata katikati ya sanduku la kugandishia, kwenye moyo, mahali ambapo sabuni iko bora kuliko pembeni. Hakutuma mtu. Alioga siku hiyo. Nakwambia kweli, mtoto akizaliwa ndipo tuliona rangi halisi ya ngozi ya Muzee.

Sasa nifike kwenye povu.

Miaka ya sabini watu walifua kwa walichokipata na kushukuru. Iliyofuata, vitu vya kiwandani vikaanza kupita Ariwara, mpakani, na kufika soko letu: sabuni za kunukia, dawa za kuosha nywele ndani ya vichupa, unga wa kufulia. Vyote vilitoa povu. Povu jeupe, jingi, la kupanda mpaka kwenye kiwiko. Wanawake walipoona hayo, sabuni ya Muzee ikawa kichekesho. Nilikuwepo siku mmoja wao, muuza samaki, alipoirudisha.

"Muzee, hii sabuni yako iko sawa jiwe. Ninasugua, ninasugua, hakuna povu."

"Povu iko hewa, mama. Unataka nikuuzishe hewa?"

"Bale ba ku soko banauzisha hewa, na batu bananunua."

"Basi enda ununue. Halafu ufue hewa, uvae hewa."

Watu walicheka, naye alicheka. Lakini mbao zake zilibaki zimejaa wiki hiyo, na wiki ya pili, na panya wakaanza kula pembe za sabuni. Wateja wa mwisho tulikuwa mimi na wafungwa wa gereza, nao hawakuwa na la kuchagua.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja, mama mnene mcheshi, aliyepanda magari kati ya Ariwara na Bunia. Alimletea Muzee mfuko wa kitu cheupe, vipande vidogo vyembamba kama tambi zilizovunjwa. Unga wa povu, alisema, ndio wanaotia viwandani, hata katika dawa ya meno. Aliweka kidogo katika beseni, akakoroga kwa mkono, povu likasimama. Muzee aliliangalia kama mtu anayeangalia mkwe asiyemtaka.

"Unatia kidogo tu," mama akasema. "Kijiko moja mu ndoo."

"Kijiko ya chai ao ya kupakulia?"

"Aa, Muzee. Weye njo fundi."

Kipimo kilipotea pale pale, mbele yangu, kati ya watu wawili waliokuwa wakiheshimiana. Muzee alichukua tambi moja, akaigusa kwa ulimi. Akasema ni chungu kidogo, lakini haipigi. Akachanganya na sabuni yake, akaonja tena. Haipigi. Akatia zaidi, akaonja. Haipigi.

Mwezi haukuisha, watu walikuwa wakipanga mstari. Na mimi niseme ukweli, niliipenda sabuni ile kuliko wote. Kola za makarani, ambazo nilizoea kuzisugua mpaka bega linalia, zilikuwa safi nikihesabu hadi ishirini. Nilikaa mtoni na povu mpaka mapajani kama mfalme. Baada ya wiki chache mikono yangu ikaanza kukaza, halafu kuwasha, halafu ikapasuka katikati ya vidole, mistari myekundu, na kila asubuhi kuiingiza kwenye maji ilikuwa kama kuiingiza kwenye siafu. Nikaipaka mawese nikanyamaza.

Wengine hawakunyamaza, lakini walisema kinyume. Muuza samaki yule yule alijikuna shingo akasema kwa fahari, "Ile ya zamani ilikuwa inalala juu ya ngozi. Hii inaingia." Tuliamini hivyo. Dawa inayouma ndiyo inayoponya, basi sabuni inayowasha ndiyo inayotakasa. Hata padri aliyeniletea kanzu aliniuliza nafulia nini, zinamwasha mabegani, na nilimjibu ni joto.

Wachache walimfikia Muzee na malalamiko. Aliwajibu, "Nilishaionja." Lakini siyo kwamba hakusikia. Nilimwona akirudisha sabuni ndani ya pipa, akiongeza mafuta na kupika tena, kama alivyofanya siku zote sabuni ikichoma. Mafuta yakizidi, povu linaanguka. Povu likianguka, watu wananung'unika. Basi anaongeza unga. Anaonja. Haipigi. Kazi yake yote ilikuwa sahihi, kila hatua, na kila hatua ilizidisha ubaya.

Ndipo Bahati akatuzalia mjukuu wa kike, hapo hapo nyumbani kwetu. Kitovu kilipoanguka Muzee alikuja, ameoga, ana jani la mgomba mkononi.

"Muke yangu iko wapi?"

"Iko analala," mke wangu akamjibu. "Na hana meno. Utaoa nini hapo?"

"Iko muzuri. Hata miye nimebakia na matatu. Tutakula bouillie, uji tu, hakuna kelele mu nyumba."

Alimshika mtoto kwa viganja vile vilivyokufa, kwa uangalifu, akiangalia vidole vyake mwenyewe kama haviamini, maana hakuweza kusikia kama anabana. Kabla hajaondoka aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba kipande hiki amekipika kando, sufuria ndogo. "Nilitia povu mara mbili. Ya muke yangu haiwezi kuwa sawa ya batu bote."

Mikono yangu wakati huo nilikuwa nimeificha mfukoni. Nakumbuka mfuko gani.

Wiki mbili baadaye mtoto alianza kuwa mwekundu shingoni, kwenye mikunjo, halafu makwapani na mapajani. Ngozi ikaanza kutoka kama ngozi ya kitunguu. Alilia tukimwosha, alilia tukimkausha. Jirani mmoja alisema surua. Mwingine alisema kuna jicho la mtu. Mke wangu akasema ni uchafu, akaongeza kuosha, mara tatu kwa siku, na povu likamfunika mtoto mpaka kidevuni. Na mimi nilisimama pale nikijua. Siyo kukisia. Mikono yangu ilikuwa imeshaniambia miezi mitatu. Niliona aibu kwa Muzee, nikaona raha ya kola kusafishika upesi, nikanyamaza siku nyingine sita. Hizo siku sita ni zangu, simgawii mtu.

Siku ya saba nilimwambia Bahati achukue mtoto na ile sabuni, tukaenda dispansari. Munganga wa pale alikuwa mama mtu mzima, mkavu wa maneno. Alimwangalia mtoto, akaangalia mikono yangu bila kuombwa, akauliza, "Munamuosha na nini?" Akakata kipande cha sabuni, akakitia ndani ya chupa ya maji, akatikisa, akaiweka mezani. Akaandika katika daftari lake ukurasa mzima. Alipomaliza, povu lilikuwa bado limesimama.

"Angalia," akasema. "Ngozi iko na mafuta yake ya kuzaliwa nayo. Hii inayaondoa yote. Kwa sahani ni sawa. Mutoto siyo sahani."

Alituambia maji tu, na mafuta safi, basi. Hakuna sindano. Mke wangu aliposikia hakuna sindano alifikiri wametudharau.

Jioni kabla jua halijaingia nilikwenda kwa Muzee. Alikuwa anakata. Nilimwambia yote, mtoto, chupa, povu lililokataa kushuka. Hakuacha kukata.

"Nilishaionja, Papa Bahati."

Nikatoa mikono mfukoni, nikaiweka juu ya ubao, mbele ya waya wake. Waya ukasimama. Akaigusa na kidole, halafu akaondoa kidole, maana kidole hakikumwambia kitu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa povu."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza, Muzee."

Akaviringisha waya, akaingia ndani.

Siku tatu sikumwona akipika, na moshi haukutoka. Siku ya nne alikuja mlangoni kwetu, akafungua shati lile gumu. Alikuwa amejipaka povu tumboni asubuhi na jioni, bila kuliosha, mahali pekee pa mwili wake, alisema, ambapo soda haikuwahi kufika. Tumbo lilikuwa jekundu, limepasuka vimistari, ngozi ya kitunguu vilevile. Alimwonyesha mke wangu, akamwonyesha Bahati, akainama ili hata mtoto aliyekuwa mgongoni aone.

"Ulimi haikunidanganya," akasema. "Miye njo niliiuliza kitu haijui."

Kisha akaanza kazi ambayo nadhani hakuna mtu mwingine mjini angeifanya. Alichukua toroli, akapita avenyu kwa avenyu kurudisha sabuni yake. Sabuni moja ya povu, anakupa mbili za zamani. Unafikiri watu walimshukuru? Muuza samaki alimfungia mlango wa lupango.

"Muzee, ulishauzisha. Iko yangu."

"Inakukula shingo, mama."

"Shingo pia iko yangu."

Alikaa nje ya mlango wake nusu siku, juu ya toroli, mpaka akapewa vipande vitatu, na cha nne mama aliapa kimekwisha. Wengine walimpa ili waondokane naye. Wengine walimcheka kwamba amezeeka, anaharibu biashara kwa mkono wake. Alichorudishiwa alikizika, hakukitupa mtoni. Alipika ile ya zamani, ya jiwe, akalipa nayo deni lote, kila nyumba, na ilimchukua zaidi ya mwaka, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinunua tena. Yule mama wa Ariwara sasa alimwuzia kila mwanamke unga wa povu moja kwa moja, ndani ya vikaratasi, kila mtu na kijiko chake. Mimi nilirudia jiwe. Mikono ilipona, bega likaanza kulia tena. Mjukuu alibaki na mabaka meupe mgongoni, nayo yakafifia polepole kadiri alivyojifunza kukaa, halafu kusimama.

Siku ya mwisho niliyomwona Muzee nilikuwa mtoni, asubuhi, naanika mashuka juu ya majani. Mtoto alikuwa anakimbia uchi kati ya mashuka, amelowa jasho. Muzee alishuka njia ndogo bila toroli, deni la sabuni limekwisha. Shati lake lilikuwa safi. Sikulifua mimi, na mpaka leo sijui nani alilifua, maana lilikuwa limepigwa hata pasi.

"Bwana yangu amekuja," mtoto akasema, kama tulivyomfundisha.

"Geuka kwanza," akamwambia.

Mtoto akageuka. Muzee akainama, akamwangalia mgongo, makwapa, nyuma ya masikio. Kisha akapitisha kidole chake kile kilichokufa shingoni kwa mtoto, mahali jasho linapokusanyika, akakiweka kwenye ncha ya ulimi. Akafumba macho kidogo.

"Chumvi," akasema. "Chumvi tu."

Alitoa waya wa kukatia sabuni mfukoni, umeviringishwa vizuri, akauweka juu ya jiwe langu la kufulia. Nilidhani anauweka ili usimchome anapotembea. Akavuka daraja la miti, akapanda upande wa pili, njia ya Mongbwalu, polepole, bila mzigo. Mtoto alimwita mara mbili, na mara ya pili Muzee aliinua mkono bila kugeuka. Nilifikiri anakwenda kutafuta kuni. Nikaendelea kuanika mashuka.

Hakurudi.